Baba na Behewa la Gadi

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya St. James Town, Toronto, miaka ya mwanzo ya elfu mbili hatukufundishwa kuamini kitu. Wenzangu wa rika langu watanishuhudia. Pipi za Halloween zilipitishwa kisu katikati, moja moja, kabla hazijaingia mdomoni, na mama akishamaliza ukaguzi wake hazikuwa pipi tena, zilikuwa makombo. Soseji za shuleni tuliambiwa zote ni nguruwe, hata zile zilizoandikwa kuku, maana "hayo maandishi kaandika nani?" Mtu akigonga mlango, kwanza redio ilizimwa, kisha sote tukabana pumzi, kisha mama akasogea kwa ncha za vidole hadi kwenye kitundu cha mlangoni akachungulia. Mara nyingi alikuwa ni yule bwana wa kupulizia dawa ya mende, tuliyemwita wenyewe.

Na tulikuwa na raha zetu, tusidanganyane. Tulicheza kombolela kwenye korido ya ghorofa ya kumi na tisa, watoto wa Kisomali, wa Kitamili, wa Kifilipino na sisi, tukijificha nyuma ya milango ya ngazi mpaka mzee wa chumba cha kumi na mbili atoke na ufagio. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi zilizoviringishwa. Mama akikaanga dagaa mwezi wa pili, madirisha yote yalifunguliwa na baridi ikaingia ndani kama mwenye nyumba, nasi tukala ugali tukiwa tumevaa makoti. Tukimjibu kwa Kiingereza alisema, "Hapa si shuleni," akatugeuzia mgongo hadi tuseme tena. Watoto wa siku hizi wanapanda gari la mtu wasiyemjua kwa sababu simu imewaambia jina lake na nyota zake ngapi. Sisi hata lifti tuliishuku. Zilikuwa mbili, moja mbovu siku zote, na baba alikuwa akibonyeza kitufe, anasikiliza kamba zinavyolia huko juu, halafu anasema, "Tupande ngazi."

Kwa baba yangu kushuku ndiyo ilikuwa kazi aliyosomea. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, Tabora, njia ya Kigoma na ile ya Mwanza. Kwa wasiojua, gadi ni yule bwana anayekaa kwenye behewa la mwisho kabisa. Dereva anaangalia mbele, gadi anaangalia vingine vyote: behewa gani linayumba, ekseli ipi imeanza kutoa moshi, mlango gani umefunguka, nani karukia. Treni ikisimama porini yeye ndiye anayeshuka na bendera nyekundu na kurudi nyuma kwa miguu, ili treni nyingine isije ikawagonga. Baba alisema dereva mzuri ana imani, lakini gadi mwenye imani ni hatari.

Reli ilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Miaka mingi ya kulala kwenye breki, ndilo hilo behewa la mwisho, akapewa barua. Mama hakuisamehe reli. Tulipofika Toronto, mimi nikiwa na miaka minane, aliweka sheria moja tu: neno reli lisitamkwe ndani ya nyumba yake. "Imekutafuna utamu, ikakutupa kama ganda la muwa," alimwambia baba. "Sitaki kuisikia." Baba akapata kazi ya usafi kwenye maofisi ya mjini, zamu za jioni, na hakulitamka. Lakini tukiwa kwenye daraja na treni ya mizigo ikapita chini, alisimama akahesabu mabehewa hadi la mwisho, na mwisho hakukuwa na gadi. Huko nyuma kulikuwa na kisanduku kimefungwa, kinamulika chenyewe. Baba alikitazama kikiondoka. "Sasa hicho," aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba mama yuko karibu, "kinanusa moshi?"

Nilipofika miaka kumi, baba alianza kutoka kila Jumamosi asubuhi. Alivaa suruali ya zamani, akabeba begi, akasema "narudi," akaondoka. Alirudi mchana ameshanawa mikono kwa sabuni kali, na harufu yake haikuwa ya nyumbani.

Jirani yetu wa chini alikuwa Auntie Njoki, Mkenya wa Nakuru, msusi wa nywele, mwanamke mwema aliyekuwa na mdomo. Nilikuwa sakafuni katikati ya magoti yake, nasukwa, siku alipomwambia mama, "Mama Siwema, mwanaume akianza kutoka kila Saturday na hasemi anaenda wapi, hiyo si overtime. Hiyo ni kitu ingine."

"Baba Siwema si mtu wa hivyo," mama alisema.

"Wote si watu wa hivyo. Dalili ya mvua ni mawingu, mum. Mimi nakuambia tu."

Mama akafanya walivyofanya wanawake wa kwao tangu zamani. Hakuuliza, hakupiga kelele. Jumamosi iliyofuata alinivalisha koti, akamwambia baba, "Nenda na mwanao, anashinda ndani huyu," na baba alipokuwa anafunga viatu akaniinamia sikioni: "Macho unayo, masikio unayo. Ukirudi unieleze."

Baba alielewa mara moja, gadi haelewi polepole. Alinitazama, akatazama mlango, akasema twende. Tukashuka barabara ya Parliament kwa miguu, tukapita Regent Park, majengo yale ya zamani yakiwa bado hayajabomolewa, hadi karibu na reli upande wa ziwa. Mimi njia nzima nilikuwa najiandaa kumwona huyo mwanamke. Nilikwisha kumpa sura, nilimpa hata viatu vyekundu.

Nyuma ya ghala moja kuukuu, ndani ya uzio wa waya, juu ya kipande cha reli kisichokwenda popote, lilisimama behewa. Lilikuwa la mbao, rangi imebabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na juu ya paa lilikuwa na kibanda kidogo chenye madirisha pande zote. Watu wa huku wanaliita kabusi. Baba alisema, "Hii ni breki. Ndiyo ofisi yangu." Nilimtazama usoni na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona baba yangu akiwa na haya.

Lilikuwa limetumika miongo mingi, likifuata treni za mizigo hadi kaskazini kwenye misitu, na ndani watu walipika, wakalala, wakaandika karatasi zao. Vilipokuja vile visanduku vya kumulika, mabehewa ya aina hiyo yakauzwa kama chuma chakavu, mengine yakageuzwa mabanda ya kuku. Hili liliokolewa na wazee sita wastaafu waliokutana kila Jumamosi kulikarabati. Kiongozi wao aliitwa Garry, mrefu, masharubu meupe, mtu wa kuhesabu misumari. Baba alinieleza walivyokutana. Alikuwa amesimama kwenye uzio nusu saa, Garry akaja na spana mkononi akamuuliza kama angeweza kumsaidia. Sote tuliokulia huku tunajua swali hilo halina msaada ndani yake. Baba akamjibu kwa Kiingereza chake cha kitabu cha sheria za reli, kwamba mnyororo wa breki ya mkono wameuzungusha kinyume, na siku wakiliachia, behewa litaondoka na wao. Garry akaenda kuangalia. Akarudi kufungua geti.

Hao wazee walipenda treni, lakini baadaye nilikuja kugundua jambo ambalo baba aligundua siku ya kwanza. Mmoja alikuwa karani, mwingine fundi umeme, Garry mwenyewe alikuwa fundi wa karakana. Hakuna aliyewahi kulala kwenye behewa la mwisho, usiku, porini, akinusa moshi. Gadi alikuwa mmoja tu pale, naye alitoka Tabora.

Basi wakampa kazi. Aling'oa mbao za sakafu zilizooza akapiga mpya, akasafisha jiko la chuma, akaziba paa. Mimi nilipewa kipande cha msasa nikwangue mlango. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na ya chungwa, chini ya chungwa kulikuwa na nyekundu nyingine, iliyokoza zaidi, na wazee wakagombana wiki tatu nzima ipi ndiyo ya kweli, kila mmoja akidhani mwenzake anaficha picha ya zamani nyumbani. Nikipanda kwenye kibanda cha juu na kukaa kwenye kiti cha gadi, niliona reli za kweli, mnara, na kipande cha ziwa. Baba alikaa kiti cha pili. Ndizo saa nzuri kuliko zote za utoto wangu.

Siku ya kwanza tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe." Garry alikuwa amemwahidi kwamba siku ya kulifungua behewa kwa watu, baba ndiye atakayesimama kwenye ngazi ya nyuma, amevaa kofia yake ya kazi, awaeleze wageni kazi ya gadi. Ile kofia alikuja nayo kutoka Tabora, imefichwa kwenye sanduku. "Siku hiyo nitamleta avae kanga mpya, anione. Akiniona atasamehe." Nilipofika nyumbani mama akaninong'oneza, "Enhe?" Nikasema tulikwenda maktaba. Nilisema hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, na mama alitingisha kichwa bila kuamini, lakini bila ushahidi.

Halafu ikaja taa. Wazee waliikuta chini ya benchi, taa ya mkono ya mafuta ya taa, kioo chekundu, imeshika masizi. Garry akampa baba aisafishe. Baba akaomba karatasi asaini. Garry alicheka, lakini alipoona baba hacheki akamletea karatasi, baba akasaini kwamba amekabidhiwa taa moja. Mchana akaitia kwenye begi akaondoka nayo.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hadi leo sijui niliite la nani. Kwao Tabora taa ya gadi haikulala kazini. Ukishaisainia ni yako, unarudi nayo nyumbani, unaifuta, unapunguza utambi, ukiitwa saa yoyote unaondoka nayo. Gadi aliyeiacha kwenye breki aliadhibiwa. Kwa wale wazee wa Toronto kilichokuwa ndani ya uzio hakikutoka nje ya uzio, hata msumari uliopinda. Baba aliileta kila Jumamosi asubuhi na kuondoka nayo kila Jumamosi mchana, na hakuna aliyegundua. Nyumbani aliificha kwenye sanduku chini ya kitanda, ameifunga kwa kanga kuukuu ya mama ili kioo kisivunjike.

Ikakaribia Idd. Mama akaanza usafi wa Idd, ule wa kuvuta hata vilivyosahauliwa na Mungu. Ilikuwa Jumamosi jioni, baba yuko zamuni. Nikasikia sanduku linaburutwa. Nilipofika mlangoni mama alikuwa amepiga magoti, na mbele yake, juu ya kanga yake mwenyewe, imekaa taa yenye jicho jekundu, inanuka mafuta.

Msomaji aliyezaliwa huku atacheka. Acheke. Mama alitoka mahali ambapo nguo yako ikikutwa imefungwa kwenye kitu usichokijua, chini ya kitanda unacholalia, huulizi ni nini. Unajua. Alipiga simu chini, Auntie Njoki akapanda ngazi akihema, akasimama mbali, mikono kifuani.

"Shindwe!" alisema. "Hiyo kitu itoke leo. Na usimuulize. Ukimuuliza atajua umejua. Nyamaza umwangalie."

Mama alisoma dua alizozijua, akaichukua taa na kanga yake kwa mfuko wa plastiki, akatoka koridoni. Nilimfuata. Nyinyi mliokulia maghorofani mnalijua bomba la taka, kile kimlango cha chuma ukutani. Alikifungua akaiachia. Ghorofa kumi na tisa. Niliisikia ikigonga huku na huku, ikigonga, halafu ikanyamaza. Mama akanigeukia. "Hujaona kitu," akasema. Sikuona kitu.

Ningeweza kusema. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko nilivyofikiria lolote. Kule chini taka zilikusanywa kwenye pipa kubwa na gari lilizichukua Jumanne. Nilikuwa na Jumapili nzima na Jumatatu nzima. Lakini nikimwambia baba, mama angejua kwamba maktaba haikuwepo. Nikimwambia mama taa ni ya nini, baba angejua nimemsaliti kuhusu reli. Na, niseme ukweli wote, niliogopa pia kwamba huenda mama hakukosea, kwamba huenda kweli kile kitu kilikuwa na jambo. Nilikuwa na miaka kumi na nilikwisha kufundishwa kushuku vizuri.

Ijumaa baba akavuta sanduku. Akapapasa chini ya kitanda hadi ukutani. Kisha akaniita, akafunga mlango, akaniuliza taratibu, "Siwema, taa umeiona?"

"Hapana, Baba."

"Haya, mama," akasema. Hakuuliza mara ya pili.

Jumamosi tulikwenda. Aliwaambia mwenyewe, amesimama wima kama anatoa ripoti: nilikabidhiwa taa, niliipeleka nyumbani, nyumbani imepotea, sijui ilipo. Wazee wakatazamana. Garry akauliza kwa nini ilitoka nje ya uzio. Baba akasema taa ya gadi hulala kwa gadi. Alilisema kama jambo linalojulikana dunia nzima, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba halijulikani. Hakuna aliyemwita mwizi. Kwa upole wa watu wa huku, Garry alimwomba ufunguo wa geti, akasema labda apumzike kidogo hadi watakapozungumza. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kuhesabu vyombo. Baba akautoa ufunguo kwenye mnyororo wake, akaomba wamsainie kwamba ameurudisha.

Hawakumpigia simu. Siku ya kulifungua behewa ilipofika, baba alikuwa nyumbani, ameketi dirishani kwenye ghorofa ya kumi na tisa, na mama alifurahi, akamnong'oneza Auntie Njoki kwamba tangu kile kitu kitoke mwanaume ametulia. Na kweli alitulia. Hakutoka tena Jumamosi. Hata kwenye daraja hakuhesabu tena mabehewa.

Miaka ikapita, mama akatangulia mbele ya haki, na baba akaja kukaa kwangu. Kuondoka kwa mama kuliniacha bila mtu wa kumlinda kwa ule ukimya. Nikampeleka baba kuliona behewa. Lipo, na linapendeza, siwezi kusema uongo. Limepakwa ile rangi ya chungwa iliyoshinda ugomvi. Kuna taa ya umeme yenye balbu nyekundu, ya dukani, na kibao chenye historia ambayo nusu yake siiamini. Watu hulikodi kwa sherehe za watoto. Binti mmoja mwanafunzi, mchangamfu, alitueleza kwamba gadi kazi yake kubwa ilikuwa kulala. Aliyasoma kwenye simu. Baba alimtazama kwa huruma. Wale wa enzi zetu tungemuuliza aliyeandika ni nani. Kwenye kibao kuna majina sita ya waliolikarabati. Mbao za sakafu tulizosimama juu yake alizipiga baba moja moja.

Tukapanda kibandani, polepole, magoti yake. Akaketi. Ndipo nikamwambia yote, mama, kanga, bomba la taka, na mimi nimesimama nyuma ya mama.

Alicheka aliposikia uchawi, alicheka hadi akafuta macho. Halafu akaacha kucheka.

"Taka zilikuwa zinachukuliwa lini?"

"Jumanne, Baba."

Akahesabu kwa vidole. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Vidole vitatu vikabaki vimesimama. Akasema, "Haya, mama," tukashuka.

Hajanigombeza, hajawahi kulirudia. Tunakula pamoja, tunataniana, ananiombea dua kama zamani. Lakini utotoni kwangu, yule mtu aliyeshuku lifti, aliyeshuku kisanduku cha treni na soseji za kuku, nikimwambia mlango nimefunga alilala. Siku hizi nikimwambia mlango nimefunga, ananishukuru, ananisubiri niingie chumbani, halafu nasikia miguu yake koridoni, polepole, na kitasa kikijaribiwa.